Altaneta ya injini kuukuu ya boti ya matanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye boti wa Mombasa

Maswali yafuatayo huulizwa na wenye boti za matanga walioko Tudor, Mtwapa na Kilifi, pamoja na wageni wanaotia nanga Kilindini, pindi taa ya chaji inapowaka na kukataa kuzimika, dalili kwamba huenda altaneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haifanyi kazi. Majibu yanahusu zaidi injini ndogo za dizeli za volti 12 zilizoenea tangu miaka ya 1960, kama vile Perkins 4-108, Yanmar za safu ya GM na Volvo Penta za zamani.

Nitajuaje kwamba altaneta ndiyo iliyokufa, wala si betri au waya?

Anza na mita ya umeme kabla ya kushika spana. Betri nzuri ya asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Injini ikiwashwa na kupandishwa kidogo juu ya mzunguko wa chini, usomaji kwenye betri unapaswa kupanda hadi baina ya 13.8 na 14.4. Usipopanda, peleka ncha za mita kwenye altaneta yenyewe, moja kwenye teminali kubwa ya nyuma na nyingine kwenye mwili wake. Ukikuta 14.2 pale na 13.2 kwenye betri, altaneta ni nzima, na volti moja kamili inapotelea njiani, aghalabu kwenye swichi kuu, kwenye fyuzi au kwenye kishikio cha waya kilichogeuka kijani kwa chumvi. Katika ukanda huu wa pwani sababu hiyo ni ya kawaida kiasi kwamba haifai mtu kununua chochote kabla ya kuiondoa.

Ukishajiridhisha kuhusu nyaya, tazama mkanda. Unga mweusi uliotapakaa kuzunguka puli ni dalili ya mkanda unaoteleza. Kisha geuza mita isome umeme wa mkondo geu, uipime betri injini ikiwa inanguruma: ukisoma zaidi ya nusu volti, shuku daiodi iliyoungua, yaani kipande kinachogeuza mkondo geu wa altaneta kuwa mkondo mnyoofu wa kuchaji betri. Mwisho, tazama balbu ya taa ya chaji. Altaneta nyingi za zamani huamshwa na mkondo mdogo unaopitia kwenye balbu hiyo, hivyo balbu ikiungua, au ikibadilishwa kwa taa ya kisasa ya LED isiyopitisha mkondo wa kutosha, altaneta nzima inaweza kukaa kimya kana kwamba imekufa.

Injini yangu haitengenezwi tena. Je, altaneta yake bado inapatikana?

Kwa kawaida inapatikana, kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii: mtengenezaji wa injini hakuitengeneza altaneta. Yanmar walifunga za Hitachi, Perkins za Uingereza mara nyingi zilikuja na Lucas, na Volvo Penta nyingi za zamani zilikuwa na Paris-Rhône ya Ufaransa. Makampuni hayo yaliuza mashine zilezile, au ndugu zake wa karibu, kwa watengenezaji wa magari, matrekta na mashine za ujenzi. Kwa hiyo ukiingia dukani ukauliza "altaneta ya Yanmar ya boti", muuzaji atatikisa kichwa. Ukimwekea mezani kitu chenye kibati kilichoandikwa Hitachi, 14V 55A, pamoja na namba yake, atakiangalia, atakigeuza, kisha ataingia ghala la nyuma.

Basi usitafute kwa jina la injini. Tafuta kwa jina na namba ya altaneta yenyewe, na kibati kikiwa kimeliwa na kutu, tafuta kwa vipimo. Injini za Yanmar 2GM20 na 3GM30, kwa mfano, zinajulikana kwa Hitachi za familia ya LR, LR135 ikiwa ya ampea 35 na LR155 ya ampea 55. Lucas za familia ya ACR, kama 16ACR, 17ACR na 18ACR, ndizo zilizofungwa pia kwenye Land Rover za zamani na kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1970, na kwa kuwa Land Rover hizo hazijaisha barabarani nchini Kenya, spea zake nazo hazijaisha madukani.

Nipime nini kabla ya kwenda dukani?

Ni bora zaidi kuifungua altaneta na kwenda nayo mkononi. Hata hivyo, ipo kazi ambayo lazima ifanyike ukiwa bado botini, kwa kuwa baadhi ya vipimo havipo kwenye altaneta bali kwenye injini.

Kipimo cha kwanza ni mguu. Altaneta nyingine zina mguu mmoja, unaoingia katikati ya bano la injini, na unene wake ndio unaotakiwa, kwa kawaida takriban inchi moja au inchi mbili. Nyingine zina miguu miwili inayolikumbatia bano kutoka pande zote mbili, na hapo hupimwa nafasi iliyo baina ya miguu, upande wa ndani. Hitachi za Yanmar ni za aina hii ya pili, na nafasi yake ni milimita 80. Pima pia kipenyo cha tundu la bolti, maana bolti nyembamba ndani ya tundu pana hutikisika, na mtikisiko huo hukata mguu kabla mwaka haujaisha. Ikiwa tofauti ni ndogo, fundi wa lethi anaweza kukuchongea bushi ya chuma, na hiyo ni kazi ya kawaida kabisa kwao.

Kipimo cha pili, ambacho watu hukisahau na kurudi dukani wakiwa wamekasirika, ni umbali kutoka uso wa mguu hadi katikati ya mfereji wa puli. Puli ya altaneta, ya pampu ya maji na ya krenki (shafti kuu ya injini) lazima zikae kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya nyuso za puli: ukiona mwanga unapita upande mmoja, mkanda utaliwa ubavuni. Hitilafu ya milimita mbili au tatu inaweza kurekebishwa kwa wosha nyuma ya puli au pembeni mwa mguu, lakini sentimita nzima hairekebishiki hivyo.

Baada ya hapo pima upana wa mkanda, ambao katika injini ndogo za zamani huwa milimita 10 au 13, na kipenyo cha puli mbili, ya krenki na ya altaneta. Puli ya krenki ya milimita 125 na ya altaneta ya milimita 60 zinakupa uwiano wa mbili kwa moja na ushei, yaani injini ikienda mizunguko 1,800 kwa dakika altaneta inakwenda takriban 3,750. Altaneta ya gari imezoea injini ya petroli inayozunguka haraka. Ikifungwa kwenye dizeli ya boti inayotembea polepole huku puli yake ni kubwa, haitatoa nusu ya kilichoandikwa kwenye kibati. Mara nyingi tiba yake ni kuhamisha puli ya zamani, iwapo tundu la shafti linalingana.

Mwisho piga picha ya nyuma, ukiandika kila waya unaingia wapi na una rangi gani. Usiitegemee kumbukumbu.

Je, naweza kutumia altaneta ya gari iliyotoka Japani?

Unaweza, na hapa Mombasa ndiyo njia ya wengi, kwa kuwa injini na spea zilizotumika kutoka Japani hushushiwa bandari hiihii kabla ya kusambazwa bara. Lakini ziko aina tatu za kuepuka.

Ya kwanza ni ya volti 24. Sehemu kubwa ya malori ya Kijapani hutumia volti 24, na kwenye gereji za Changamwe, Jomvu na Miritini, ambako malori ya barabara ya Nairobi hutengenezewa, altaneta nzuri na ya bei nafuu utakayoonyeshwa huenda ni ya lori. Kwa umbo inafanana na ya gari dogo. Soma kibati: 14V ndiyo ya betri ya 12, na 28V ndiyo ya betri ya 24. Kibati kisiposomeka, iache.

Ya pili inahitaji maelezo zaidi. Gari la petroli hupata mvuto wa kusaidia breki kutoka kwenye injini yenyewe, lakini dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo magari mengi ya dizeli ya Kijapani, yakiwemo Toyota zenye injini za 2L, 3L na 5L, Isuzu za 4JA1 na Nissan za TD27, yalifungwa pampu ya kutengeneza mvuto huo nyuma ya altaneta, ikizungushwa na shafti hiyohiyo. Utaitambua kwa kichwa cha mviringo chenye mirija miwili au mitatu iliyotokeza, mmoja wa kuingiza oili ya injini na mwingine wa kuirudisha. Boti haina haja ya mvuto wala haina njia ya kuipa pampu hiyo oili, na pampu ikizunguka kavu itajikamata na kuharibu shafti. Fundi anaweza kuiondoa na kuziba mahali pake, lakini shafti ya aina hii ni ndefu na ina meno, hivyo mwambie aikate vizuri na azibe tundu lisipitishe maji. Mimi binafsi, ikipatikana nyingine isiyo na pampu, hata kwa bei iliyozidi kidogo, ningeichagua hiyo.

Ya tatu ni altaneta ya gari jipya ambayo haina regulata (kidhibiti cha volti) inayojitegemea, bali husubiri amri kutoka kwenye kompyuta ya gari. Plagi yake ni ndogo, na pasipo kompyuta yake haikufai. Magari ya miaka ya 1980 na 1990 ndiyo yanayokufaa, kwa kuwa regulata ya mengi yao imo ndani na haitegemei kitu kingine.

Je, altaneta ya gari ni salama ndani ya boti?

Kwa injini ya dizeli, ndiyo, pamoja na tahadhari chache. Kwa injini ya petroli, hapana. Brashi za altaneta hutoa cheche ndogo, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye ngama ukingoja cheche hiyo. Altaneta za boti za petroli hufunikwa maalumu ili cheche isitoke nje, na hapo hakuna njia ya mkato. Gesi ya kupikia nayo hutuama vivyo hivyo, basi mwenye mtungi botini asiseme kwamba jambo hili halimhusu kwa kuwa injini yake ni ya dizeli. Ahakikishe mtungi unakaa kwenye kisanduku chenye tundu la kutolea gesi nje.

Tahadhari nyingine ni ya boti za chuma na za alumini. Altaneta nyingi za magari hutumia mwili wake kama upande hasi, lakini baadhi ya boti za chuma ziliundwa kwa mfumo ambao upande hasi haugusi mwili wa injini kabisa, ili umeme usipite kwenye chuma kilicho majini na kukila. Ikiwa altaneta yako ya zamani ina teminali mbili nene nyuma, moja chanya na moja hasi, usiibadilishe kwa yenye moja kabla ya kumwuliza fundi anayeelewa boti za chuma.

Je, inafaa kutengeneza ya zamani badala ya kununua nyingine?

Mara nyingi inafaa, na nadhani swali hili lingestahili kuulizwa kwanza. Vitu vinavyokufa ndani ya altaneta ni vichache: brashi mbili za kaboni zinazoisha kwa kusuguana, beringi mbili, daiodi na regulata. Beringi zina namba za kimataifa zilizochorwa kwenye ukingo, kama 6303 au 6201, na duka lolote la beringi mjini huwa nazo. Omba zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili. Brashi zinaweza kusuguliwa kutoka kwenye brashi kubwa zaidi zikapata ukubwa unaotakiwa. Nyaya za shaba za steta (sehemu isiyozunguka) zilizoungua husukwa upya na mafundi wanaosuka mota na pampu.

Fundi wa umeme wa magari mwenye uzoefu, wa Mwembe Tayari au kwingineko, ataifungua mbele yako na kukuonyesha kasoro. Mwombe akuonyeshe pete mbili za shaba zilizo kwenye shafti ya rota, sehemu inayozunguka. Zikiwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na brashi, zinaweza kusawazishwa kwenye lethi, lakini zikiwa zimeisha kabisa, hapo gharama inaanza kukaribia bei ya nyingine. Mwombe pia aijaribu kwenye mashine ya kuzungushia kabla hujaondoka, huku ukitazama mita mwenyewe. Kisichofaa kutengenezwa ni altaneta ambayo mwili wake wa alumini umegeuka unga mweupe karibu na mguu, kwa kuwa mguu huo utavunjika, na utavunjika ukiwa baharini.

Ninunue ya ampea ngapi?

Chini ya unavyotamani. Altaneta ya ampea 50 kwa volti 14 inatoa wati 700, lakini kwa kuwa nguvu nyingi hupotea kama joto, injini inalipa zaidi ya kilowati moja, na kwenye injini ya nguvu za farasi kumi mzigo huo unahisika. Mkanda wa milimita 10 nao una kikomo, kwani ukiupa altaneta ya zaidi ya ampea 80 utateleza, na ukiukaza ili usiteleze utaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji kwa pamoja. Kumbuka pia kwamba kabati la injini katika joto la Mombasa huifanya altaneta kutoa pungufu ya kilichoandikwa. Kwa boti yenye taa za LED, friji ndogo na redio, altaneta ya ampea 55, ikisaidiwa na paneli ya jua, inatosha.

Ukiongeza ampea, ongeza na waya. Kwa ampea 55 na mwendo wa mita tatu kwenda na tatu kurudi, waya wa milimita za mraba 25 hupoteza robo volti hivi, kiasi kinachovumilika, na ulio mwembamba zaidi huanza kula chaji yako.

Wenye betri za lithiamu wana shida nyingine. Betri hizo hupokea mkondo wote unaotolewa bila kujizuia, hivyo altaneta ndogo hufanya kazi kwa uwezo wake wote mpaka inaungua. Kifaa cha kuchajia betri kutoka betri, kinachowekwa kati ya betri ya kuwashia injini na ya lithiamu, hupunguza mkondo huo na huikinga altaneta pale ulinzi wa betri ya lithiamu unapokata ghafla.

Je, upande inaozungukia una maana?

Kwa umeme, hauna. Kwa feni ya kupoza, una maana ikiwa mapanga yake yamepinda upande mmoja, na iliyonyooka hupoza pande zote.

Injini yangu ina dainamo, au ina mashine moja inayowasha na kuchaji. Nifanyeje?

Dainamo, mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya altaneta, inaweza kuondolewa na kuwekwa altaneta, pamoja na bano jipya na kuondoa sanduku la regulata lililo ukutani. Angalia kwanza betri imeungwaje, maana baadhi ya mitambo ya kale ilifunga upande chanya kwenye mwili wa injini, na altaneta ya kawaida itaungua papo hapo kwenye mpangilio huo. Mashine ya pamoja, kama iliyofungwa kwenye Volvo Penta MD1B na MD2B, huachwa ifanye kazi ya kuwasha, kisha altaneta ndogo huongezwa pembeni kwa mkanda wake.

Ikikosekana Mombasa, niagize wapi?

Jaribu Nairobi kwanza. Maduka ya Barabara ya Kirinyaga yana akiba kubwa zaidi. Watumie picha ya kibati, ya mbele, ya nyuma na ya mguu ukiwa umeweka rula pembeni, nao watatuma mzigo kwa basi baada ya malipo ya M-Pesa. Usilipe kabla ya kupokea picha ya altaneta ileile itakayotumwa, nayo ikiwa na rula.

Ukiagiza kutoka ng'ambo, hesabu si bei ya kitu pekee. Kuna ushuru wa forodha, kuna tozo za uagizaji, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Wakala wa forodha anaweza kukukadiria jumla kabla hujaagiza, na wageni walioingia na boti kwa muda wamwulize wakala huyo kama spea ya chombo kilicho safarini ina utaratibu wake.

Nimefunga nyingine, inachaji, lakini kipima mizunguko kinasoma uongo. Kwa nini?

Kipima mizunguko cha injini nyingi husoma mapigo ya umeme kutoka teminali ya W ya altaneta. Idadi ya ncha za sumaku ndani, au ukubwa wa puli, ukibadilika, usomaji nao hubadilika, ingawa injini haina kasoro yoyote. Baadhi ya vipima vina skrubu ndogo ya kurekebisha kwa nyuma. Ikiwa altaneta uliyonunua haina W kabisa, fundi anaweza kuunga waya kwenye moja ya ncha za steta na kuutoa nje.

Ni makosa gani huua altaneta mpya?

La kwanza ni kuzima swichi kuu ya betri injini ikiwa inanguruma. Altaneta ikikosa ghafla mahali pa kupeleka mkondo, volti hupaa na daiodi huungua. Weka kibandiko kwenye swichi, maana mgeni atakayeizima hatakuwa wewe. La pili ni kufunga waya wa betri kinyume, hata kwa mguso mmoja. La tatu ni kuchomelea chuma botini bila kufungua nyaya za altaneta. La nne ni maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye pampu ya maji au kwenye kiwiko cha ekzosi kilicho juu yake. Altaneta ya zamani ikiwa imejaa mabaka meupe upande mmoja tu, tafuta mahali maji yanapotoka kabla ya kufunga nyingine.

Nataka kuondoka na kaskazi kuelekea Zanzibar. Nibebe nini?

Beba mikanda miwili ya kipimo chako hasa, seti ya brashi, regulata ikiwa inafunguka kwa nje, balbu ya taa ya chaji, na bolti ya mguu yenye nati ya kujikaza. Ikiwa ile ya zamani ilitengenezeka, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake mafuta mepesi, ifunge kwenye plastiki, ubandike karatasi yenye mchoro wa nyaya zake, kisha uiweke mahali pakavu mbali na injini. Kabla ya kung'oa nanga, iendeshe injini saa moja ukiwa Mtwapa au Kilindini, friji ikiwa imewashwa, halafu uizime na uguse bolti ya mguu kwa spana. Altaneta iliyofungwa upya hulegea katika saa za mwanzo, na mkanda mpya nao hunyooka, kwa hiyo vyote viwili vikazwe upya siku hiyohiyo.